Kusoma kwa Vidole na kwa Masikio

Kati ya mwaka 1968 na 1972, mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyofanyiwa majaribio ya elimu ya watu wazima kwa msaada wa UNESCO. Mkulima alijifunza kusoma kwa kitabu kilichomzungumzia migomba yake. Kazi ile ilistahili sifa, lakini ilisimama juu ya wino. Asiyeona aliachiwa kusikiliza tu.

Kusikiliza nako si jambo dogo kwetu Wahaya. Habari za wafalme na mashujaa zilihifadhiwa vifuani mwa wapiga enanga, na sanaa ile haikumdai mtu macho. Hata hivyo, msikilizaji humngoja msimulizi, ilhali msomaji hujifungulia kitabu saa aitakayo.

Uhuru huo uliletwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alibuni nukta sita zitoazo alama 63. Kiswahili, chenye herufi za Kirumi zisizo na vikorombwezo, kilizipokea bila taabu. Buigiri, Dodoma, shule ya wasioona ilianza mwaka 1950. Bukoba tunayo Mugeza Mseto, ambamo wasioona husoma pamoja na wenye ualbino, ambao wengi wao huhitaji maandishi makubwa.

Lakini mtoto wa Rubafu arudipo likizo kutoka shule kama hiyo, asome nini? Kitabu kimoja cha wino hugeuka majuzuu kadhaa ya karatasi nene, hakibebeki mkobani. Tena, kwa miaka mingi, kukinakili kulihitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulilegeza kifungo hicho, nayo Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Kenya na Uganda zimo pia, hivyo nakala zaweza kuvuka mipaka. Na kutoka Rubafu, Uganda ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Mkataba huo humhesabu pia asiyeweza kushika kitabu kwa mikono. Kwa hiyo maktaba ya kijiji yaweza kuanza na kinasa sauti, msomaji mwenye sauti tulivu, na benchi karibu na mlango. Majuzuu ya nukta nundu yasimamishwe rafuni, yasirundikwe, kwa maana nukta zikilemewa hubonyea, na kidole hakioni kitu.