Kulabu ya mlango wa kebini imekwenda wapi?



Mwaka jana watoto walitushika mkono mimi na mama yao wakatupandisha meli ya matembezi hapa Southampton, siku 7 za kwenda Norwei na kurudi. Chumba chetu kilikuwa cha ndani, hakina dirisha. Usiku wa kwanza nilitaka mlango ubaki nusu wazi nipate hewa kidogo, nikatafuta kitu cha kuushikiza, sikukiona. Nikaweka kiatu. Mhudumu alipopita akakiondoa kwa adabu zote, na mlango ukajifunga wenyewe, puu! Mke wangu akacheka. Mimi nikamkumbuka marehemu mama.

Mama alisafiri Unguja hadi Bombay kwa meli ya British India, daraja la deki, yaani mkeka, kapu la chakula na turubai juu ya kichwa. Wazee wetu wengi walisafiri hivyo, kwa hiyo historia ya mlango wa kebini kwetu sisi inaanza na watu wasiokuwa na mlango. Njiani akaugua, akapandishwa juu kwa daktari wa meli. Alichokikumbuka mpaka uzeeni si dawa, ni milango ya abiria wa daraja la kwanza: imeachwa wazi kidogo, kila mmoja umeshikwa na kulabu ya shaba, na pazia linacheza na upepo. "Wenye mali hawafungi mlango," alikuwa akisema. Nilidhani ni maneno yake tu. Kumbe alikuwa anasimulia kipande cha historia ya ufundi wa meli.

Kabla ya mashine za kupoza hewa kuenea, kebini katika Bahari ya Hindi au Bahari ya Shamu ilikuwa tanuri. Mchoraji wa meli alitakiwa aruhusu upepo upite na wakati huohuo azuie macho ya wapita njia. Kulabu na pazia lilikuwa jibu moja. Jibu jingine lilikuwa vibao vya mlalo kwenye mlango wenyewe, kama madirisha yetu ya zamani ya Mji Mkongwe, na kuta za ndani ambazo hazikufika darini. Hata ramani ya vyumba ilifuata upepo. Kampuni ya Bibby ya Liverpool, iliyokuwa na meli za kwenda Burma, ilipata umaarufu kwa kebini yenye umbo la herufi L: chumba cha ndani kinapewa ujia mwembamba unaokwenda mpaka ubavuni mwa meli, ili nacho kipate dirisha lake la duara. Mpaka leo wajenzi wanaiita kebini ya Bibby.

(Hapa niwaombe radhi wapenzi wa asili ya maneno. Ile hadithi kwamba neno la Kiingereza "posh" lilitokana na tiketi za P&O, kwamba mwenye fedha anapewa upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi ili akwepe jua, haina ushahidi. Tiketi hizo hakuna aliyeziona. Lakini jua lilikuwepo.)

Ubaya wa upepo ni kwamba njia yake ndiyo njia ya moshi. Tarehe 8 Septemba 1934 meli ya Morro Castle, ikitoka Havana kurudi New York, iliungua karibu na pwani ya New Jersey, wakafa watu 137. Milango ya kuzuia moto ilikuwamo, ila kati ya dari za mbao na kuta za chuma ulikuwapo uwazi wa karibu sentimita 15, na moto ukapita hapo juu ya milango kana kwamba haipo. Tarehe 13 Novemba 1965 ikawa zamu ya Yarmouth Castle, iliyotoka Miami kwenda Nassau na sehemu yake ya juu ikiwa ya mbao kwa wingi. Moto ulianzia chumba namba 610, ambacho hakikuwa na abiria, kilikuwa stoo ya magodoro. Walikufa watu 90. Ilikuwa imejengwa mwaka 1927, na sheria za wakati ule ziliiruhusu kubaki hivyo ilivyojengwa. Baada yake kanuni zikabanwa kweli kweli.

Linaloniumiza zaidi ni la Scandinavian Star. Hii ilikuwa meli ya matembezi na kamari kule Florida kabla ya kupelekwa kwenye njia ya Oslo na Frederikshavn. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1990 ilichomwa moto, wakafa watu 159. Wengi hawakuguswa na moto. Plastiki iliyobandikwa kwenye kuta za ushoroba ilipoungua ilitoa hewa yenye sumu ya sianidi. Tena nahodha alipoona feni zinalisha moto akaamuru zizimwe. Uamuzi wa akili, utasema. Lakini hewa iliyokuwa ikisukumwa ndani ya kebini ndiyo iliyokuwa ikiuzuia moshi mlangoni. Feni zikanyamaza, moshi ukaingia kwa watu waliolala na mlango wao umefungwa.

Basi ukisoma leo kanuni za SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, utakuta mlango wa mama umeondolewa kipande kwa kipande. Mlango wa kebini ya abiria lazima ujifunge wenyewe. Kulabu za kuushikilia haziruhusiwi, imeandikwa wazi. Mlango wa daraja liitwalo B-15 uzuie ndimi za moto kwa nusu saa, na kwa dakika 15 za mwanzo usipitishe joto kali upande wa pili. Tundu la hewa likiwepo, liwe chini, kwa kuwa moshi hupanda.

Moto nao ukatafuta njia ya nje. Mwezi Machi 2006, kwenye Star Princess, ulipanda roshani hadi roshani kupitia viambaza vya plastiki na viti, mlango wa ushorobani ukiwa hauna habari. Sheria za roshani zikafuata.

Halafu ikaja hofu ya mtu. Baada ya miaka ya malalamiko ya familia za waliopotea au kushambuliwa melini, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010: meli zinazopakia abiria 250 au zaidi na kutumia bandari zake ziwe na tundu la kuchungulia kwenye mlango wa kila kebini, hata za mabaharia. Zilizoanza kujengwa baada ya sheria hiyo ziwe pia na komeo la ndani, na ufunguo unaokwisha muda wake. Mnaona safari yenyewe? Mlango uliokuwa ukiachwa wazi kwa pazia sasa una jicho.

Na mwaka 2020 ukageuka ukuta wa karantini. Diamond Princess ilikuwa Yokohama na watu wapatao 3,700, abiria wakaambiwa wakae vyumbani, chakula kinaletwa mlangoni. Waliokuwa chumba cha ndani kama changu walikaa majuma mawili bila kuona jua, isipokuwa kwa zamu fupi za kutolewa nje. Wapishi na wahudumu walioleta hizo sahani waliendelea kufanya kazi na kulala wawili wawili, mlango mmoja. Zaidi ya watu 700 wakaambukizwa.

Usiku wa pili kiatu nikakirudisha kabatini. Nikatoka ushorobani, nikahesabu milango kutoka chumba chetu hadi ngazi ya dharura: 11, upande wa kulia. Mama watoto akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia aje naye ahesabu, safari hii macho yamefumbwa, mkono ukutani.