Mada za Utafiti na Urejelewaji wa Majarida ya Tiba ya Moyo Afrika Mashariki: Kutoka Mulago (1948) hadi Gasabo (2017)

Ikisiri

Makala hii inachunguza kihistoria uhusiano uliopo baina ya mada za utafiti wa magonjwa ya moyo Afrika Mashariki na namna majarida yaliyochapisha utafiti huo yanavyorejelewa. Kwa kufuatilia machapisho machache yanayofahamika, kuanzia Hospitali ya Mulago mwaka 1948 hadi shule za wilaya ya Gasabo, Kigali, mwaka 2017, makala inadai kwamba kipimo cha athari cha jarida huonesha ukubwa wa jumuiya ya watafiti wanaoijadili mada fulani. Kipimo hicho hakioneshi uzito wa maradhi katika jamii, wala manufaa ya matokeo kwa nchi iliyoyazalisha. Mwishoni, makala inatoa mapendekezo manne kwa wanaoshauri kuhusu sera za utafiti katika ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa afya anapoomba kupandishwa cheo au kupewa ruzuku, mara nyingi swali la kwanza huwa ni wapi alikochapisha. Swali la alichokigundua hufuata baadaye. Jibu la swali hilo la kwanza hupimwa kwa namba moja inayojulikana kama kipimo cha athari. Namba hiyo hupatikana kwa kuhesabu ni mara ngapi, katika mwaka mmoja, makala za jarida zilizochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia zimerejelewa, kisha hesabu hiyo hugawanywa kwa idadi ya makala hizo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzito wake unatokana na maamuzi yanayoegemezwa juu yake: nani aajiriwe, mradi upi ufadhiliwe, na hatimaye maradhi yapi yachunguzwe.

Tiba ya moyo inafaa kuwa mfano wa mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni uwanja wenye majarida mengi yanayorejelewa sana duniani. Pili, magonjwa ya moyo yanayowasumbua watu wa Afrika Mashariki yanatofautiana kwa kiasi kikubwa na yale yanayojaza kurasa za majarida hayo. Tofauti hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilifanyika hapa kwetu.

2.0 Mulago na Nairobi: Ugunduzi katika Jarida la Nyumbani

Mwaka 1948, J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Kampala, alichapisha makala katika East African Medical Journal kuhusu ugonjwa alioubaini katika uchunguzi wa maiti. Utando wa ndani wa moyo ulikuwa umejaa makovu mazito, vyumba vya moyo vikawa haviwezi kutanuka na kupokea damu ipasavyo. Baadaye ugonjwa huo ulikuja kuitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Davies, ingawa jina la kitaalamu linalotumika zaidi linatokana na makovu hayo ya utando na misuli ya moyo.

Jarida hilo lilikuwa likichapishwa Nairobi, na asili yake ni Kenya Medical Journal la miaka ya 1920. Wasomaji wake walikuwa madaktari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, yaani watu ambao wangeweza kukutana na mgonjwa wa aina hiyo wodini juma lilelile. Kwa maana hiyo, makala ya Davies iliwekwa palipokuwa na watumiaji wake.

Hata hivyo, safari haikuishia hapo. Mwaka 1954 Davies, pamoja na Ball na Williams, walichapisha maelezo ya ugonjwa huo katika The Lancet la London, na mwaka uliofuata Davies na Ball walichapisha patholojia yake katika British Heart Journal. Mfuatano huu unastahili kuzingatiwa. Ugunduzi ulianzia katika jarida la ukanda, kisha ukapelekwa katika majarida ya dola iliyotawala. Msomaji wa Ulaya au Marekani aliyetaka kuurejelea ugonjwa huo alikuwa na chapisho la London karibu yake kuliko lile la Nairobi. Hivyo, hata kabla ya kuwapo kwa kipimo chochote rasmi, palikuwa na ngazi: nyumbani palikuwa mahali pa kutoa taarifa, na ng'ambo mahali pa kutambuliwa.

3.0 Rula Iliyotengenezwa Philadelphia

Mwaka 1955, Eugene Garfield alichapisha katika jarida la Science pendekezo la kuunda faharasa ya marejeleo. Kazi hiyo ilifanywa na taasisi yake huko Philadelphia, na faharasa ya kwanza ya Science Citation Index, iliyohusu machapisho ya mwaka 1961, ilijumuisha majarida 613. Msingi wa uteuzi huo ulikuwa hoja kwamba majarida machache hubeba sehemu kubwa ya marejeleo yote, kwa hiyo hapana haja ya kuyahesabu yote. Mwaka 1975 taasisi hiyo ilianza kuchapisha taarifa za marejeleo ya majarida, na kipimo cha athari kikapata jukwaa lake la kudumu.

Tarehe hizi zinapowekwa sambamba na historia ya ukanda wetu, jambo moja linajitokeza. Mwaka 1972 utawala wa Idi Amin uliwafukuza Waasia nchini Uganda, na katika miaka iliyofuata wataalamu wengi, wageni na wenyeji, waliondoka Makerere na Mulago. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika. Kwa maneno mengine, rula ya kupimia sayansi ilichongwa katika muongo uleule ambao kituo kikuu cha utafiti wa moyo katika ukanda kilikuwa kikipoteza watu wake, na taasisi za ushirikiano zikisambaratika. Haidaiwi hapa kwamba waliotengeneza rula hiyo walikusudia kuwatenga Waafrika. Inadaiwa tu kwamba kipimo kinachotegemea wingi wa warejeleaji kilianza kutumika wakati ambapo warejeleaji wetu walikuwa wachache mno.

4.0 Maradhi ya Wengi na Mada za Wengi

Athari ya jambo hilo inaonekana wazi tunapolinganisha mada na maradhi. Mwaka 2012 utafiti uliochapishwa katika Archives of Internal Medicine ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Ethiopia. Wastani wa umri wao ulikuwa takriban miaka 52. Karibu nusu, yaani asilimia 45, chanzo kilikuwa shinikizo la juu la damu. Asilimia 14 walikuwa na athari za homa ya baridi yabisi katika valvu za moyo. Waliougua kutokana na kuziba kwa mishipa inayolisha moyo hawakufika asilimia 8.

Ugonjwa huu wa mwisho ndio uliojenga tiba ya moyo ya kisasa katika nchi tajiri: dawa zake, vifaa vyake, na majaribio yake makubwa. Watafiti wake ni wengi, nao hurejeleana kwa kasi. Kwa upande mwingine, ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi huanza kwa maambukizi ya koo utotoni, huharibu valvu polepole kwa miaka, na umekuwa nadra katika nchi zenye watafiti wengi. Makala nzuri kuhusu ugonjwa huo ina wasomaji wachache wanaoweza kuirejelea, na wachache hao huhitaji zaidi ya miaka miwili kuandaa na kuchapisha kazi zao. Dirisha la miaka miwili hufungwa kabla hawajafika.

Mhariri anayetaka kuinua kipimo cha jarida lake anajua hesabu hii. Hata bila nia mbaya, atavutiwa na mada zinazojadiliwa na wengi. Hapo ndipo kipimo kinapoacha kuwa kioo cha utafiti na kuanza kuwa usukani wake.

5.0 Kigali: Thamani ya Takwimu ya Nyumbani

Rwanda inatoa mfano bayana. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliharibu mfumo wa afya na kuwaua au kuwatawanya watumishi wake. Tiba ya moyo ilijengwa upya kwa njia mbili. Katika Hospitali ya King Faisal, Kigali, timu za wapasuaji kutoka nje, ikiwamo Team Heart ya Boston iliyoanza upasuaji wake hapo mwaka 2008, zilishirikiana na wenyeji kurekebisha na kubadilisha valvu. Vijijini, wauguzi wa hospitali za wilaya walifunzwa kutumia kipimo cha mawimbi ya sauti ili kutofautisha aina kuu za ugonjwa wa moyo. Matokeo ya kazi hiyo ya wauguzi yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Marekani, JACC: Heart Failure.

Swali lililobaki lilikuwa la kimsingi: ni watoto wangapi nchini wanaougua bila kujulikana? Mwaka 2017 Joseph Mucumbitsi na wenzake walichapisha jibu katika Cardiovascular Journal of Africa. Jarida hili lilianzishwa Afrika Kusini mwaka 1990 na kuchukua jina la bara zima mwaka 2007. Kati ya wanafunzi 2,501 waliopimwa wilayani Gasabo, 17 walikidhi vigezo vya kimataifa vya ugonjwa huo, sawa na 6.8 kwa kila watoto 1,000.

Tulinganishe na utafiti wa Msumbiji uliochapishwa mwaka 2007 katika New England Journal of Medicine, mojawapo ya majarida yenye kipimo cha juu kabisa. Huko kiwango kilichopatikana kwa mawimbi ya sauti kilikuwa 30.4 kwa kila watoto 1,000. Vigezo vya tafiti hizi mbili havikuwa sawa, na kwa sababu hiyo namba zake haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Lakini hoja inabaki palepale. Mpangaji wa afya jijini Kigali ambaye angetumia namba inayorejelewa zaidi duniani kukadiria penisilini, wauguzi na vitanda vya upasuaji, angekosea kwa kiasi kikubwa. Namba anayoihitaji ni ile ya Gasabo, ambayo mtafiti wa Toronto au Tokyo hana sababu kubwa ya kuirejelea. Tena, mpangaji akiitumia katika bajeti au mwongozo, matumizi hayo hayaingii katika faharasa yoyote ya marejeleo.

6.0 Pingamizi Mbili

Huenda ikasemwa kwamba hoja hii ni kisingizio cha udhaifu. Pingamizi hili lina uzito. Makala inaweza kukosa marejeleo kwa sababu ni mbovu, na jarida la ukanda lisilo na tathmini madhubuti ya wataalamu halistahili kutetewa kwa kuwa tu ni la kwetu. Utetezi unaotolewa hapa unahusu kazi ambayo imepita katika tathmini hiyo.

Pingamizi la pili ni kwamba watafiti wetu wanaweza kufika kileleni kwa mada za kwetu. Ni kweli. Jaribio lililofanyika kaskazini mwa Uganda likiwahusisha watoto na vijana 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huo lilichapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 2022. Kwa waliopewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, ni asilimia 0.8 tu ambao ugonjwa wao uliendelea ndani ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 8.2 kwa wasiopewa. Matokeo hayo yanamhusu kila daktari duniani anayemtibu mtoto wa namna hiyo, na yalistahili jukwaa la dunia.

Ila jaribio hilo lisingewezekana bila tafiti za awali za kuhesabu na kupima, zile zisizosisimua na zisizorejelewa sana. Aina ya swali ndiyo inayopaswa kuamua mahali pa kuchapisha. Swali la "je, dawa hii inafaa?" lina wasomaji kila mahali, swali la "ni wangapi wanaoihitaji hapa?" lina wasomaji hapa. Mfumo unaolipa la kwanza pekee utakula mbegu badala ya kuipanda.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa inaonesha kwamba tangu mwaka 1948 ukanda huu umekuwa ukizalisha maswali ya msingi kuhusu moyo, na kwamba vigezo vya kuyathamini maswali hayo viliwekwa kwingine. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilikwisha kutahadharisha dhidi ya kutumia kipimo cha jarida kumpima mtafiti mmoja mmoja. Kwa kuzingatia hali ya Afrika Mashariki, makala hii inapendekeza mambo manne.

Kwanza, urejelewaji ulinganishwe ndani ya mada moja, si baina ya mada zenye jumuiya za ukubwa tofauti. Pili, dirisha la tathmini ya utafiti wa magonjwa yanayokua polepole liwe la miaka kumi badala ya miwili. Tatu, mabaraza ya sayansi yaweke kumbukumbu ya makala zinazotumika katika miongozo ya tiba, bajeti na mitaala. Mfano ni mkakati wa PEN-Plus wa tiba ya magonjwa sugu makali katika hospitali za wilaya, ulioidhinishwa na mawaziri wa afya wa Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani mjini Lomé mwezi Agosti 2022. Mkakati huo una mizizi katika kliniki za vijijini Rwanda, na umezifikia nchi nyingi kwa njia ambayo hesabu ya marejeleo haiioni.

Nne, majarida ya ukanda, likiwamo East African Health Research Journal la Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yaambatanishe ikisiri ya Kiswahili kwa kila makala. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, mwaka uleule ambao takwimu ya Gasabo ilichapishwa. Muuguzi wa wilayani, mwalimu wa shule ambako watoto walipimwa, na mjumbe wa kamati ya afya ni wasomaji halali wa takwimu hiyo. Hawatairejelea katika jarida lolote, lakini wao ndio watakaomtambua mtoto mwenye maumivu ya koo na kumfikisha kwenye dawa kwa wakati.