Mboji ya taka za jikoni ni kinga ya miche dhidi ya kinyausi

MKULIMA anayeamka na kukuta miche yake ya nyanya au sukumawiki imelala chini, mashina yakiwa yamesinyaa pale yanapogusa udongo, amevamiwa na kinyausi. Ugonjwa huo huletwa na viini vya udongoni kama vile Pythium na Rhizoctonia, na huweza kumaliza kitalu kwa siku chache.

Wengi hukimbilia dawa za dukani, ilhali kinga nyingine hutupwa kila siku: maganda ya viazi na ndizi, majani ya kabichi na mabaki ya sokoni. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za kuoza, na nyingi huishia katika jaa la Dandora. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inaagiza taka za kuoza zitengwe na nyinginezo, ingawa katika nyumba nyingi zote bado hutiwa mfuko mmoja.

Kuanzia miaka ya 1970, mtaalamu Harry Hoitink wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alionyesha kwamba mboji ya magome ya miti huzuia kuoza kwa mizizi ya mimea inayokuzwa vitaluni. Mboji ikichemshwa hadi viumbe vyote vife, kinga hiyo hupotea.

Kazi basi hufanywa na viumbe hai. Baadhi ya bakteria hunyang'anya viini vya ugonjwa chakula, wengine hutoa sumu ya kuviua. Kuvu aitwaye Trichoderma hujizungusha kwenye Rhizoctonia na kumla. Aidha, baadhi ya vijidudu hivyo huamsha uwezo wa mmea wenyewe kujikinga.

Hata hivyo, mboji mbichi ni hatari kuliko kukosa mboji. Pythium hustawi kwa sukari iliyo katika taka ambazo hazijaoza, hivyo mkulima mwenye pupa hukilisha kiini kile kile anachokipiga vita.

Lundo linalopaswa kuaminiwa ni lile lililofikia joto la nyuzi 55 za Selisiasi au zaidi kwa siku kadhaa, likapinduliwa mara kwa mara ili sehemu za nje nazo zipate joto. Joto hilo huua viini vingi vya magonjwa na mbegu za magugu, lakini huua pia Trichoderma. Ndiyo sababu lundo likishapoa lapasa kuachwa majuma kadhaa, likiwa na unyevu wa kiasi, ili vijidudu vyenye manufaa virejee.

Mboji iliyoiva haipati joto tena ikipinduliwa, hunuka kama udongo wa msituni, na maganda hayatambuliki. Mwenye shaka na apande humo maharagwe machache. Yakikataa kuota au yakigeuka manjano, angoje. Kitaluni, sehemu moja ya mboji huchanganywa na mbili au tatu za udongo.

Mnyauko wa bakteria, adui mkubwa wa viazi, ni jambo jingine. Mboji haiponyi shamba lililoambukizwa, na viazi vilivyougua havifai kutiwa katika lundo la nyumbani ambalo joto lake halipimwi. Huko tegemeo lingali mbegu safi na kubadilisha mimea, mahindi yakifuata viazi wala si nyanya.