Moshi Ule ni wa Nani? Historia ya Walinzi wa Moto katika Msitu wa Klamath



Leo nitawapeleka mbali, Marekani, katika milima ya Klamath, kaskazini mwa jimbo la California. Ni habari ya walinzi waliowekwa juu ya milima ili waone moto wa msitu ungali mdogo. Mimi nilisoma sheria, na habari hii naipenda kwa sababu sheria imo ndani yake toka mwanzo hadi mwisho.

Msitu wa Klamath ulichukuliwa na leta ya Marekani mwaka 1905. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali uliunganisha mioto mingi katika majimbo ya Idaho na Montana, mbali kidogo na hapo. Kwa siku mbili ziliteketea hektari zaidi ya milioni moja, na watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao vibarua waliopelekwa kuuzima. Wakubwa wa idara ya misitu waliogopa sana. Wakakata shauri: moto wowote ni adui. Ndipo vibanda na minara ya ulinzi ikaanza kuongezeka vileleni, na nyaya za simu zikavutwa katikati ya miti.

Mwaka 1913 kituo cha Eddy Gulch, juu ya mlima wa karibu mita 2000, kilikosa mlinzi. Aliyekubaliwa ni mwanamke, Hallie Daggett, mzaliwa wa milima ile. Idara ilikuwa haijapata kumwajiri mwanamke kwa kazi ya namna hiyo, na wengi walidhani atashuka baada ya siku chache kwa hofu ya dubu na upweke. Hakushuka. Katika msimu wake wa kwanza alitoa habari ya mioto kama 40, na yote pamoja haikuunguza hata hektari mbili kamili. Alirudi kileleni kila mwaka mpaka 1927.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi kazi ilivyofanyika, maana hapo pana akili kubwa. Walinzi walipewa chombo kilichobuniwa na Osborne, mtu wa idara hiyo hiyo: meza ya duara yenye ramani, na katikati ya ramani pametiwa alama ya mnara wenyewe. Pembeni kuna duara la chuma lenye namba. Mlinzi akiona moshi, analenga kwa kupitisha jicho kwenye kitundu na uzi, halafu anasoma namba. Lakini namba ile inaonyesha upande tu. Haisemi kama moshi uko kilomita tano au ishirini. Basi mlinzi wa mlima mwingine naye analenga, anapiga simu, na ofisini wanachora mistari miwili. Pale inapokatana ndipo moto ulipo. Shahidi wa pili aliondoa shaka juu ya mahali hasa penye moto. Wengi wenu mmewahi kukimbia usiku kwa neno la mtu mmoja, mnaelewa. Radi zikianza, mlinzi alipanda juu ya kigoda chenye vioo miguuni ili asipigwe, akaendelea kuangalia.

Chombo kile, hata hivyo, hakikuweza kusema moshi ni wa nani.

Katika bonde la mto Klamath wanaishi Wakaruk, na waliishi hapo kabla ya leta yoyote. Wao walichoma msitu kidogo kidogo, kwa majira waliyoyajua. Walichoma ili vichaka vitoe fito zilizonyooka za kusuka vikapu, ili wadudu wasile matunda ya mialoni ambayo ni chakula chao, ili paa wapate majani mabichi. Sisi tunaochoma shamba kabla ya mvua hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Lakini tangu mwaka 1850 sheria ya California ilimwadhibu mtu aliyewasha nyika, na idara ya misitu ikaongeza ukali. Mwaka 1918 mkubwa mmoja wa misitu wa huko aliandika barua kwa aliye juu yake, akishauri kwamba wachomaji, wazungu wakaidi na wenyeji, wapigwe risasi wakionekana wakinyatia kichakani. Barua hiyo ipo mpaka leo. Kwa mlinzi aliye kileleni, moshi wa mama anayetunza fito zake na moshi wa radi ulikuwa namba tu kwenye duara la chuma. Simu ilipigwa kwa yote miwili.

Mwaka 1935 idara iliamuru kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Amri hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1970. Kwa muda huo wote majani makavu, matawi na miti midogo vilirundikana chini ya miti mikubwa. Minara ilifanya kazi yake vizuri mno, nami silaumu walinzi. Nawalaumu walioandika sheria bila kupita bondeni kuuliza.

Tarehe 8 Septemba 2020 moto ulioitwa Slater ulishuka na upepo mpaka kijiji cha Happy Camp, katikati ya nchi ya Wakaruk. Watu wawili walikufa. Nyumba karibu 200 ziliungua, na jamaa nyingi za Wakaruk zikawa hazina pa kulala.

Baada ya hapo sheria ilianza kugeuka. Mwaka 2024 California ilipitisha sheria ya kutambua haki ya makabila ya kuchoma kwa desturi yao, na mwanzoni mwa 2025 Wakaruk walikuwa wa kwanza kupatana na jimbo: hawaombi tena kibali chake, ila wanaarifiana. Tuelewane lakini: sehemu kubwa ya ardhi ile si ya jimbo. Ni ule msitu uliochukuliwa mwaka 1905, uko bado mikononi mwa leta ya taifa, na mapatano hayo hayaufikii. Huko Wakaruk wangali wanazungumza na idara.