Hoteli Iliyoutangulia Mji Wake

Hoteli kongwe ya Arusha, ile ya pale kwenye mnara wa saa, inajitangaza kwamba ipo tangu 1894. Mimi ni mtu wa Butiama, na kwetu tarehe huulizwa ukoo wake. Mwalimu alizaliwa Aprili 1922, siku ya mvua, ndiyo maana akaitwa Kambarage. Tarehe ile ina mvua yake na ina jina lake. Hii ya Arusha je, 1894 ilikuwa na nani?

Hebu tuhesabu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Meru kutafuta mahali pa kuanzisha misheni. Wakauawa usiku. Kapteni Johannes akaja kutoka Moshi na askari wake, pamoja na wapiganaji wa Kichaga, wakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Yote hayo ni miaka miwili baada ya hoteli kuwa imeshafunguliwa, tukiamini tangazo.

Boma la Wajerumani, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikuja kujengwa mnamo 1900 kwa kazi ya kulazimishwa. Machi 2 mwaka huohuo Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha.

Sasa mzungu gani alikuwa anakodisha vitanda kando ya mto Themi mwaka 1894? Arusha ya siku zile ilikuwa migomba, mifereji na ng'ombe. Soko lilikuwepo kweli: misafara ya kutoka pwani ilinunua chakula kwa Waarusha. Wageni walikuja, lakini wenyeji ndio waliokuwa wenye nyumba.

Sina ugomvi na hoteli; biashara yoyote hupenda kuonekana ya zamani. Shida ni kile ambacho tarehe hiyo inakificha. Ukiiweka 1894 mbele, inaonekana kitanda na chai vilitangulia, na mji ukajikusanya taratibu kuvizunguka. Ukweli ni kwamba bunduki ilitangulia, boma likafuata, halafu ndipo mgeni akaweza kulala bila woga.

Mtalii akishaisoma 1894, basi na asimuliwe pia 1896 na 1900. Watu waliokufa miaka hiyo nao walikuwa na watoto, na wajukuu wao wanapita pale kwenye mnara wa saa kila siku wakienda sokoni.