Begi si la apareyi, ni la foto



Siku hizi mbili grupe yetu imezungumza paka neno moja: kese ya chama iko na franga kidogo, sasa tununue begi gani kwa ajili ya ile apareyi ya foto tuliyopewa? Wamoja wanataka begi ya jina kubwa. Wengine wanasema sakoshi yoyote inatosha, juu begi haipige foto. Mimi nilisoma historia, basi nitajibu kwa historia. Lakini nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita wenzetu walinituma nipige foto siku ya kutetea mémoire zao. Niliazima begi nzuri sana, nene, yenye sponji kila upande. Jioni nilipanda moto, mvua ya Bukavu ikanikuta njiani, ile mvua haiombe ruhusa. Nilipofika nyumbani apareyi ilikuwa kavu kama iliyolala kabatini. Nikafurahi. Halafu nikatafuta karti mbili za memwari zilizojaa foto za siku ile. Nilikuwa nimeziweka kwenye mfuko mdogo wa nje, na fermetiri sikuifunga mpaka mwisho. Mfuko ulikuwa wazi. Hazikuwamo.

Mmoja wa wenzetu siku ile alisimama na mama yake mbele ya juri. Mama alikuwa mgonjwa, alijikaza tu kuja. Kabla mwezi kwisha akafariki. Kwenye matanga mwenzetu akanifuata polepole, akaniuliza: « Kaka, ile foto yangu na mama, uko nayo? » Ningemwonyesha nini? Apareyi ilikuwa nzima kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma namna gani watu wa zamani walibeba vyombo vyao vya foto. Nimeona kwamba historia ya begi iko na maswali mawili tu: nani anabeba uzito? Na kitu gani njo cha kulindwa?

Gari ya farasi na masanduku 36

Foto ilitangazwa Paris mwaka 1839. Mwanzoni haikuwa kitu cha kubeba mgongoni. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akatoa njia mpya ya kupiga foto juu ya kioo kilichopakwa dawa. Foto zilikuwa safi, lakini kioo kilipaswa kupakwa dawa, kupigwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka, yaani ndani ya dakika chache tu. Maana yake, ukitoka nyumbani, unatoka na chumba cha giza kizima.

Mwaka 1855 Roger Fenton alikwenda kupiga foto za vita vya Crimea. Alibeba apareyi 5, vioo karibu 700, na masanduku 36 kwa jumla. Chumba chake cha giza kilikuwa gari ya kukokotwa na farasi ambayo zamani ilikuwa ya mfanya biashara wa divai. « Begi » yake ilikuwa na magurudumu manne! Farasi njo walibeba uzito.

Vichwa vya babu zetu

Huku kwetu hapakuwa na farasi. Kabla reli ya Matadi–Léopoldville haijafunguliwa mwaka 1898, mto haukupitika pale kwenye maporomoko, kwa hiyo mizigo ilipandishwa kwa miguu. Mtu mmoja alibeba karibu kilo 30 kichwani au begani, siku nyingi, kwa njia ya milima. Wengi walifia njiani. Nguo, bunduki, pombe, hata vipande vya mashua, vyote vilipita juu ya miili ya watu. Masanduku ya apareyi na vioo vyake vilipita njia hiyohiyo.

Tunapoangalia zile foto za zamani za Kongo tunasoma jina la mzungu aliyepiga. Jina la yule aliyebeba sanduku halikuandikwa. Lakini bila shingo yake foto haingekuwako. Mimi nikiona begi la apareyi leo, hilo njo jambo la kwanza ninalokumbuka: lilikuja kuchukua nafasi ya mtu.

Uzito ulipungua pole pole. Vioo vya dawa kavu vilifika, haikuwa tena lazima kutembea na chumba cha giza. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman akauza Kodak ya kwanza kwa dolari 25. Ilikuwa kisanduku kidogo chenye filamu ya foto 100, na kifuko chake cha ngozi cha kuvaa begani. Ukimaliza, unatuma apareyi nzima kwa posta huko Rochester, wao wanasafisha foto na kuweka filamu nyingine. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kubeba apareyi yake yeye mwenyewe.

Baringa, 1904

Tarehe 14 Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, upande wa Équateur, alifika baba mmoja jina lake Nsala. Alikuja na mkono na mguu wa mtoto wake Boali, vimefungwa ndani ya majani. Mtoto alikuwa ameuawa na walinzi wa kampuni ya mpira, ABIR. Misioneri Alice Seeley Harris alimpiga foto Nsala akiwa ameketi barazani, akitazama kile kilichobaki cha mtoto wake.

Sasa fikirini njia. Kutoka Baringa kushuka mto Maringa, kuingia Lulonga, halafu mto Kongo, mpaka Léopoldville, halafu reli mpaka Matadi, halafu bahari. Joto, unyevu, wadudu, na serikali ambayo haikutaka kabisa foto ya namna ile itoke. Ilitoka. Mwaka uleule E. D. Morel aliichapa katika kitabu chake. Baadaye Alice na mume wake John walizunguka Uingereza wakionyesha foto za Kongo kwa taa ukutani, na watu waliojaa kanisani na kwenye sale wakaona kwa macho yao. Mwaka 1908 mfalme Leopold II alilazimika kuiachilia Kongo, ikapita mikononi mwa Ubelgiji. Foto peke yake haikufanya hivyo, na ukoloni haukuisha. Lakini kama kile kioo kingevunjika njiani, Nsala angebaki paka neno katika barua.

Hapa nawakumbusha mtu mwingine, juu wengi wetu hatukumusoma shuleni. Herzekiah Andrew Shanu alizaliwa Lagos mwaka 1858, akafika Boma mwaka 1884, akafanya kazi ya serikali, halafu akafungua biashara yake. Alikuwa mpiga foto, na foto zake zilichapwa katika gazeti *Le Congo illustré*. Baadaye alianza kuwapa wapinzani wa Leopold habari za maovu aliyoyajua. Alipogunduliwa, wafanya kazi wa serikali waliamrishwa wasinunue kwake, biashara ikaanguka. Mwaka 1905 alijiua. Kuna uzito ambao kamba ya begi, hata iwe pana namna gani, haiwezi kuupunguza.

Kijana kwa baiskeli

Oskar Barnack alikuwa fundi wa Kijerumani aliyesumbuliwa na pumu. Kubeba apareyi kubwa na vioo kulimchokesha. Akatengeneza apareyi ndogo inayotumia filamu ya sinema, milimita 35. Ikaanza kuuzwa mwaka 1925 kwa jina la Leica. Kumbe ugonjwa wa mtu mmoja ulibadilisha kazi ya dunia nzima! Tangu pale mpiga foto aliweza kutembea na apareyi ndani ya koti.

Na apareyi hizo ndogo njo zilikwenda kwenye vita vya Hispania, mwaka 1936 mpaka 1939, mikononi mwa Robert Capa, Gerda Taro na David Seymour. Taro alifia kulekule mwaka 1937. Filamu zao zilikuwa Paris, zikitunzwa na Mhungaria Imre Weisz, aliyesimamia chumba cha giza cha Capa. Wajerumani walipokaribia Paris, Weisz alizitia filamu ndani ya begi la mgongoni, akapanda baiskeli mpaka Bordeaux, kilometa zaidi ya 500. Huko akamkabidhi mtu wa Chile azipeleke konsulati yao. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi, akakamatwa.

Filamu zikapotea. Capa alikanyaga bomu huko Indochine mwaka 1954, akafa bila kuziona tena. Seymour akauawa mwaka 1956. Kumbe zilikuwa zimefika Mexico, na balozi mmoja. Mwaka 2007 zikafikishwa New York: negatifu karibu 4500 ndani ya masanduku matatu ya karatasi ngumu, yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo, kila filamu na kitanda chake, na maandishi ya kueleza. Na Weisz? Baada ya vita alikwenda kuishi mji wa Mexico, mji uleule filamu zilimolala, miaka mingi, bila kujua. Alifariki mwanzoni mwa mwaka huo wa 2007.

Angalieni vizuri kitu Weisz alitia ndani ya begi. Alitia filamu.

Begi la kuvua samaki

Mabegi tunayoyaona leo yalikuja nyuma sana. Mwaka 1973 kampuni ya Billingham ilianza Uingereza ikishona mifuko ya wavuvi wa samaki. Miaka michache baadaye wenyewe walishangaa kusikia kwamba wapiga foto wa New York wananunua mifuko ile kubebea apareyi. Katikati ya miaka ya 1970 pia, Jim Domke, mpiga foto wa gazeti la Philadelphia, alichoka na masanduku magumu, akajibunia begi laini ya kitambaa kizito, unaingiza mkono mara moja na apareyi iko nje. Na Greg Lowe, mpanda milima wa Marekani, aliyejulikana tangu 1967 kwa mabegi ya kupandia milima, njo alikuwa chanzo cha mabegi ya mgongoni ya Lowepro.

Wote watatu, hakuna aliyeanza na jina kubwa. Walianza na swali la mahali pao: mvua ya mvuvi, haraka ya gazeti, mlima. Sisi pia tuko na mahali petu.

Basi tununue gani?

Mahali petu ni mvua, vumbi, moto na mikono ya watu sokoni. Kwa hiyo, kwa maoni yangu:

Kwanza, tupime mgongo kabla ya bei. Begi likiwa tupu liwe jepesi, kamba ziwe pana. Hatuko na wapagazi, na hatutaki kuwa nao.

Pili, fermetiri ya chumba kikubwa ifungukie upande wa mgongo, kusudi mtu nyuma yako kwenye umati asiweze kuifungua. Na kwa nje lisipige kelele. Begi lenye jina kubwa la apareyi linamwambia mwizi hesabu yote.

Tatu, kitambaa kizuie maji, na juu yake tuwe na kifuniko cha mvua. Lakini begi likiloa, usilifunge na apareyi ndani mpaka asubuhi. Unyevu unaotulia huotesha kuvu kwenye lenzi. Fungua, kausha, halafu rudisha. Vile vipakiti vidogo vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, musivitupe, vitie ndani.

Nne, sponji ya ndani igawanywe vyumba, kila kitu na kitanda chake, kama masanduku yale matatu ya Mexico. Lenzi isigongane na apareyi.

Tano, na hili njo la mémoire zetu: karti za memwari zisikae kamwe mfuko wa nje. Zikae ndani ya kikoba kidogo kilichofungwa kwa kamba ndani ya begi, ama shingoni chini ya shati. Na usiku uleule foto zinakiliwa mahali pawili tofauti, kabla hujala.

Nilikwenda kuuliza mama mmoja fundi wa cherehani huku Kadutu. Nilimwonyesha karatasi yangu. Aliitazama, akasema: « Mwanangu, bashi iko, sponji ya godoro iko, kamba za begi la zamani ziko. Lete apareyi nipime, juu mimi sishone nguo ya mtu sijamuona. » Bei yake ni chini ya nusu ya lile begi la jina kubwa. Kitakachobaki tununue karti mbili nzuri na diski ya kutunzia foto.

Hiyo njo pendekezo langu kwa kese. Asiyekubali aseme, tutazungumza vizuri.

Kuhusu mwenzetu na mama yake: nilimwomba msamaha, alinisamehe. Baadaye mjomba wake alipata kwenye telefoni yake foto moja ya siku ile, yenye giza, mama anaonekana upande tu, anacheka. Wameichapa, iko ukutani. Lakini kila nikipita nyumba ile, najua kulikuwa na nyingine.