Albamu ya Baharia na Watu Wasio na Majina

Katika minada ya Uingereza, albamu ya picha iliyoachwa na baharia wa Vita vya Kwanza vya Dunia ni bidhaa. Bei yake hupanda kwa jina la meli, tarehe ya tukio na maelezo aliyoyaandika kwa mkono chini ya kila picha. Sisi tunaoishi Mwanza tuna haki ya kuuliza: thamani hiyo imepimwa kwa macho ya nani?

Vita hivyo vilipiganwa pia ziwani kwetu. Meli za Reli ya Uganda zilizokuwa zikibeba abiria na mizigo kutoka Kisumu, zikiwamo Winifred na Nyanza, zilifungwa mizinga. Mwezi Juni 1915 zilisafirisha askari wa Kiingereza kwenda kushambulia Bukoba. Mnara wa simu ya upepo ukabomolewa na mji ukaporwa. Juni 1916 Ukerewe ilitekwa, na tarehe 14 Julai Mwanza ikaanguka. Wakati huo kamera za Kodak zilikwisha kuwa ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, hivyo baharia aliweza kujipigia picha zake mwenyewe, mbali na zile za serikali.

Kwa mnunuzi, kiini cha albamu ni meli na maofisa wake. Kwetu sisi, kiini kiko pembeni mwa picha: wapakiaji wa kuni, wapagazi waliojitwisha masanduku ya risasi, wanawake waliosimama ufukoni. Hao kwa kawaida hawakuandikwa majina. Tusilione hilo kuwa dogo. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Siwalaumu wakusanyaji, bila wao, albamu nyingi zingeishia jalalani. Hatari iko kwingine. Muuzaji akiona faida zaidi, huivunja albamu na kuuza picha mojamoja. Hapo mfuatano hupotea, na picha ya ufukoni isiyo na maelezo haiwezi tena kutuambia kama ni Bukoba au Ukerewe.

Kwa hiyo sidai kwamba kila albamu irudishwe. Nadai nakala kamili za kidijitali, kurasa zikiwa katika mpangilio wake, zihifadhiwe katika Nyaraka za Taifa na zionyeshwe hapa ziwani, kwa mfano katika makumbusho ya Bujora. Watumishi wa idara husika waanze kuzifuatilia kabla ya mnada, si baada yake. Wanafunzi nao wawaendee wazee wa visiwani na vijijini. Sura za zaidi ya miaka 100 iliyopita huenda asizitambue mtu, lakini jabali, ghuba na gati hutambulika. Na palipo na mahali, mara nyingi pana jina la babu aliyebebeshwa mzigo.